Wakili kakaa kimya mpaka kesi ikafutwa, nianzie wapi?

Swali lililonifikia ni refu, nalifupisha. Dada mmoja anasema alimpa wakili kesi ya madai, akalipa ada yote ya mwanzo, mwaka wa kwanza simu zinapokelewa vizuri tu, baada ya hapo ikawa "niko mahakamani nitakupigia" halafu kimya. Juzi kaamua kwenda mwenyewe masjala ya mahakama, akaambiwa kesi yake ilifutwa miezi mingi iliyopita kwa sababu upande wake haukufika. Na wiki mbili tu kabla ya hapo wakili alikuwa amemwandikia meseji, "kesi inaendelea vizuri, tunasubiri tarehe". Anauliza: shikamoo mwanasheria, huyu mtu ananyang'anywaje leseni, na hela yangu inarudije, na kesi yangu je? Mwishoni kaongeza kwamba karani wa ofisi ile ameanza kumpigia, eti atarudishiwa hela yake akikubali kutopeleka malalamiko popote.

Marahaba dada yangu, na pole sana. Najua unataka tuanze na leseni lakini naomba tuanze na kesi, manake kesi ndio inakufa kila siku inayopita na leseni yake ipo tu haiendi popote. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa watu wenye hasira ya haki kabisa kama wewe, mtu anatumia miezi anaandika malalamiko, anahudhuria vikao vya nidhamu, anashinda, wakili anasimamishwa, halafu anauliza sasa kesi yangu inarudi lini, anaambiwa hairudi, hii kamati haina mamlaka hayo. Na kweli haina. Kamati ya nidhamu inashughulika na mtu mmoja tu, wakili, kama anafaa kuendelea na kazi ile au hafai. Amri ya kufuta kesi ilitolewa na mahakama, na ni mahakama tu inayoweza kuitengua.

Kwa hiyo kesho asubuhi rudi masjala. Omba kulikagua jalada, lipia kopi za mwenendo wote wa kesi, sio ile amri ya mwisho peke yake. Unatafuta vitu vichache: tarehe zote kesi ilipotajwa, nani alihudhuria kila tarehe, wito au notisi zilitumwa kwa nani na zilipokelewa na nani, na hakimu au jaji alisema nini siku anafuta. Mara nyingi hapo unakuta mambo hata wewe hukuyajua, kwamba wakili hakufika tarehe tatu mfululizo, au aliandika barua ya kuahirishwa kwa sababu ambayo wewe hukuambiwa, au alijitoa kwenye kesi kabisa na hakukutaarifu. Kopi hizo ndio msingi wa kila kitu kingine nitakachokueleza humu, bila hizo ni neno lako na neno lake.

Ukizipata tafuta wakili mwingine haraka na umwambie shida ni moja, maombi ya kurejesha kesi iliyofutwa, na kama muda wa kuomba umeshapita basi na maombi ya kuongezewa muda. Muda huo unatofautiana nchi na nchi na mahakama na mahakama, kwa hiyo swali lako la kwanza kwake liwe "nina siku ngapi", usikubali jibu la "tutaona". Utaapa hati ya kiapo ueleze ulijua lini na ulifanya nini baada ya kujua. Hapo ndipo siku zinahesabiwa kwa ukali, kwa sababu jaji anaweza kukusamehe miezi ambayo ulikuwa unadanganywa ila akakushangaa kwa wiki sita ulizokaa nyumbani baada ya kuujua ukweli.

Je, mahakama itakubali? Sikupi uhakika ambao sina, ila nikuonyeshe jinsi majaji wanavyofikiri. Kuna kesi ya Marekani inaitwa Link dhidi ya kampuni ya reli ya Wabash, ya mwaka 1962. Mtu alidai fidia baada ya gari lake kugongana na treni, kesi ilifunguliwa mwaka 1954 ikaburuzwa miaka sita, siku ya kikao cha maandalizi wakili wake hakutokea, alipiga simu tu kwamba yuko mji mwingine anatengeneza nyaraka za kesi nyingine, jaji akafuta. Mahakama ya juu kabisa ikasema mteja alimchagua wakili mwenyewe kwa hiari yake kwa hiyo hawezi kukwepa matokeo ya anachofanya au asichofanya huyo wakili. Jaji Black alipinga vikali, lakini alikuwa upande wa wachache. Msimamo huo ni mgumu na mimi siupendi, ila upo, na utausikia kwa namna moja au nyingine karibu kila nchi: uzembe wa wakili ni uzembe wa mteja.

Upande wa pili kuna India, kesi ya Rafiq na Munshilal ya mwaka 1981. Rufaa ilifutwa kwa sababu wakili hakufika, na mahakama ya juu ikairudisha ikasema mtu wa kawaida akishamtafuta wakili, akamlipa na kumpa maelezo, amefanya yote ambayo anaweza kufanya, sio kazi yake kwenda kumchungulia wakili kama amefika mahakamani. Jaji Madan wa Kenya naye anakumbukwa kwa maneno ya namna hiyo, kwamba mlango wa haki haufungwi kwa sababu tu wakili amekosea. Halafu Marekani yenyewe, mwaka 2012, ikapata kesi iliyowalazimisha kuchora mstari. Mfungwa wa Alabama anaitwa Maples, aliyehukumiwa kifo, alikuwa na mawakili wawili wa kujitolea kutoka New York, wote wawili wakahama ofisi bila kumwambia yeye wala mahakama, barua za mahakama zikarudi bila kufunguliwa, siku 42 za kukata rufaa zikaisha huku yeye yuko selo anadhani ana mawakili. Mahakama ikasema hapana, wakili mzembe bado ni mwakilishi wako na kosa lake linakuangukia wewe, lakini wakili aliyekutelekeza kabisa sio mwakilishi wako tena, huwezi kubebeshwa makosa ya mtu ambaye hayupo.

Huo mstari kati ya kuzembea na kutelekeza ndio wakili wako mpya atakaoupigania. Meseji zako zote ulizotuma bila kujibiwa, simu zisizopokelewa, siku ulizokwenda ofisini ukaambiwa katoka, ndizo zinazoonyesha kwamba wewe hukulala. Yeye ndiye aliyepotea. Zinafanya kazi mara mbili, kwanza kwenye hati ya kiapo ya kurejesha kesi, halafu kwenye malalamiko ya nidhamu.

Sasa tuje kwenye nidhamu yenyewe. Watu wengi wakishindwa kesi wanadhani wana malalamiko, na kamati zinajaa barua za namna hiyo, halafu malalamiko ya kweli yanakaa kwenye foleni moja na yasiyo na kichwa wala miguu. Kushindwa kesi sio kosa la nidhamu. Ushauri uliotolewa kwa nia njema ukaja kuonekana sio mzuri, hilo nalo kwa kawaida sio kosa la nidhamu. Kesi kuchelewa kwa sababu jaji kahamishwa au jalada halionekani, huyo wakili hana kosa, ila ana kosa kama hakukwambia. Umenielewa hapo? Kuchelewa kunaweza kuwa kwa wengine, lakini kimya ni chake.

Chama cha mawakili cha Marekani kina kanuni za mfano za mwaka 1983 ambazo majimbo mengi yamezifuata, na mambo haya mawili wameyaweka kwenye kanuni mbili tofauti. Kanuni 1.3 inadai wakili afanye kazi kwa bidii na kwa wakati, kanuni 1.4 inadai amjulishe mteja hali ya kesi yake na ajibu mteja akiomba taarifa kwa namna ya kawaida. Kwenye maelezo ya ile ya kwanza wameandika kitu ambacho naona ni kweli popote pale, kwamba pengine hakuna udhaifu wa wakili unaochukiza watu kuliko kuahirishaahirisha mambo, na kwamba hata kama kuchelewa hakujamharibia mteja kitu bado kunamtia wasiwasi usio na sababu na kunamuondolea imani. Wameandika pia kwamba wakili lazima adhibiti mzigo wake wa kazi ili kila kesi ishughulikiwe. Maana yake "nilikuwa na kesi nyingi" sio utetezi, hizo kesi nyingi alizipokea mwenyewe na ada akachukua.

Ila sio kila nchi inaweka mstari pale pale. India kwa mfano, kwenye uamuzi wa mwaka 1963, mahakama ya juu ilisema uzembe mtupu, kukosea kidogo au kusahau, hautoshi kumpeleka mtu kwenye nidhamu, lazima uwe uzembe mkubwa kiasi kwamba unagusa uadilifu wake. Kwa hiyo simu moja isiyopokelewa, au tarehe moja aliyoikosa akakwambia na akaomba kesi irudishwe, hiyo mimi nisingekushauri upeleke popote, ni binadamu. Kinachogeuza mambo ni mfululizo, miezi ya kutofanya kitu, tarehe baada ya tarehe. Na zaidi ya yote kinachogeuza mambo ni uongo.

Na wewe dada unao. Ile meseji ya "kesi inaendelea vizuri, tunasubiri tarehe" iliyoandikwa miezi mingi baada ya kesi kufutwa, hiyo ni nzito kuliko tarehe zote alizokosa. Mpaka pale alikuwa mzembe, pale alikuwa mwongo, na kamati duniani kote zinaangalia vitu hivyo viwili kwa macho tofauti kabisa. England kuna uamuzi wa Bolton dhidi ya Law Society, yaani chama cha mawakili cha huko, uliochapishwa mwaka 1994 ambao mpaka leo unanukuliwa karibu kila wakili anapohukumiwa. Jaji Bingham alieleza kwamba adhabu ya nidhamu lengo lake kubwa sio kumuumiza wakili, ni kulinda imani ya watu kwa taaluma nzima, mtu anapokabidhi maisha yake kwa wakili yeyote awe na uhakika kwamba anamwambia ukweli. Ndio maana wakili aliyethibitika kudanganya karibu kila mara anafutwa hata kama ana sifa nzuri na barua za kumtetea kutoka kwa watu wazito.

Mwaka 2018 mahakama kuu ya huko ilirudia hilo kwa ukali mpaka wengine wetu tuliumia. Kulikuwa na mawakili watatu, mmoja wao kijana ambaye alichelewesha kazi za wateja akaogopa kusema, akaanza kuwaambia mambo yanakwenda, mpaka akatengeneza barua za kuonyesha kazi ilifanyika. Kulikuwa na presha kubwa kazini na matatizo ya afya ya akili, na baraza la nidhamu lilikuwa limemhurumia. Mahakama kuu ikasema huruma ipo lakini ugonjwa na presha peke yake haviondoi uongo, wakafutwa wote watatu. Mimi naona presha zile za ofisi zilistahili kuhojiwa zaidi, na wenye ofisi walistahili kuulizwa maswali, lakini naelewa kwa nini walifika pale. Mteja aliyeambiwa ukweli mapema, hata ukweli mbaya, anaweza kuhama, anaweza kukata rufaa, anaweza kuokoa kitu. Aliyedanganywa anakaa tu anasubiri huku muda wake unaisha. Wewe kama ungeambiwa wiki ile ile kesi ilipofutwa, leo tusingekuwa tunaongelea kuongezewa muda. Huo ndio uharibifu wa uongo wake, uuandike hivyo hivyo kwenye malalamiko.

Kuhusu ushahidi nakuomba uwe makini sana. Hiyo meseji usiiache kwenye simu peke yake, simu zinaibiwa zinaanguka. Piga skrinshoti inayoonyesha namba yake, tarehe na saa, na meseji za kabla na baada yake ili asiseme umekata maneno, tuma kwenye barua pepe yako, printi, na simu yenyewe usiifute kitu. Kusanya risiti zote na miamala ya hela, kama ulilipa kwa mkono bila risiti andika siku na nani alikuwepo. Mkataba wa ada kama upo. Kama haupo usikate tamaa, wakili akishapokea hela yako na jina lake likaonekana kwenye jalada kama wakili wako, atapata shida sana kukana kwamba ulikuwa mteja wake. Halafu kaa chini tengeneza orodha ya matukio kwa tarehe, upande mmoja kilichotokea mahakamani kutoka kwenye zile kopi, upande wa pili alichokuwa anakwambia siku hizo hizo. Ukurasa huo ukiwekwa mbele ya kamati hauhitaji maelezo mengi.

Kabla hujapeleka malalamiko mwandikie barua rasmi, fupi, yenye adabu. Omba vitu vitatu: jalada lako lote, mchanganuo wa hela ulizolipa na zilivyotumika, na maelezo ya maandishi kwa nini kesi ilifutwa na kwa nini hukuambiwa. Mpe siku kadhaa, ipeleke ofisini kwake ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, na itume pia kwa barua pepe. Sehemu nyingine hatua hii ni lazima, England kwa mfano ile taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya huduma za kisheria iliyoanza mwaka 2010 kwa kawaida inataka umlalamikie kwanza mwenyewe na umpe wiki nane. Hata pasipo lazima bado inakusaidia, akijibu umepata maelezo yake kwa maandishi kabla hajashauriwa aseme nini, asipojibu umepata ushahidi mwingine wa kimya.

Malalamiko yenyewe yawe mafupi. Matusi toa, "mwizi huyu" toa, mambo ya mke wake na gari lake jipya toa, hata kama yanakuuma. Andika ulimpa kazi gani na lini, ulilipa nini, mahakama ilifanya nini tarehe ipi, alikwambia nini tarehe ipi, umepata hasara gani. Ambatanisha. Basi. Wanaosoma barua hizi wanasoma nyingi na ile iliyonyooka ndio inafunguliwa faili haraka.

Pa kupeleka panategemea nchi uliyopo. Tanzania ni Kamati ya Mawakili, Kenya kuna tume ya malalamiko dhidi ya mawakili inayopokea na kuchunguza, na kuna baraza la nidhamu linalosikiliza, Uganda ni kamati ya nidhamu ya Baraza la Sheria, England masolisita, yaani mawakili wanaoshughulika na wateja moja kwa moja, wana mamlaka yao na baraza lao la nidhamu, Marekani kila jimbo lina chombo chake na kwa kawaida neno la mwisho ni la mahakama ya juu ya jimbo hilo. Majina yanatofautiana ila umbo linafanana, na mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Havana ulipitisha misingi kuhusu kazi ya mawakili, humo wakasema malalamiko yashughulikiwe haraka na kwa haki, wakili asikilizwe na awe na haki ya kutetewa, chombo kinachoamua kisipendelee upande wowote, na uamuzi wake uweze kupitiwa na mahakama huru. Kwa hiyo usikasirike ukiambiwa malalamiko yako yametumwa kwake ayajibu. Lazima asikilizwe. Na wewe utaletewa majibu yake uyajibu, hapo ndipo ile orodha ya tarehe inapata kazi.

Kitu ambacho wateja wengi hawakijui ni kwamba wakili asipoijibu kamati, kule kutojibu ni kosa lingine la peke yake. Na hutokea sana, kwa sababu mtu anayeogopa kufungua barua za wateja ndiye huyo huyo anaogopa kufungua barua ya kamati. Nimeona malalamiko ambayo yangeishia kwenye onyo yakaishia kwa mtu kusimamishwa, kwa sababu tu alikaa kimya mpaka siku ya kusikilizwa.

Kiwango cha ushahidi nacho kinatofautiana. England mpaka Novemba 2019 baraza la nidhamu la masolisita lilikuwa linataka uthibitisho kama wa kesi ya jinai, sasa wanatumia kipimo cha madai, kipi kina uwezekano zaidi. Marekani majimbo mengi yako katikati, wanataka ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Kwa maandishi uliyonayo wewe sina wasiwasi sana na hili, karatasi za mahakama hazibishaniwi.

Adhabu je? Nakwambia ukweli ili usije ukavunjika moyo. Uzembe peke yake kwenye kesi moja, kwa wakili ambaye hajawahi kulalamikiwa, mara nyingi ni onyo au karipio, sehemu nyingine faini, amri ya kurudisha ada au kulipa gharama. Kusimamishwa kunakuja pale alipojua kwamba hafanyi kazi akaacha makusudi na mteja akaumia, au inapoonekana ni tabia yake. Kufutwa kwenye orodha ya mawakili kunabaki kwa waliotelekeza ofisi na wateja, wenye mfululizo wa uzembe ulioleta madhara makubwa, na wale waliochanganya uzembe na uongo au na hela za wateja. Wamarekani wana viwango vyao vya adhabu vya mwaka 1986 vilivyopanga ngazi karibu hivyo hivyo, wanauliza wajibu gani umevunjwa, alifanya akijua au kwa kutokuwa makini, madhara ni nini, halafu kuna nini cha kuzidisha au kupunguza. Vinavyozidisha ni kama rekodi mbaya ya nyuma, mteja kuwa mtu dhaifu asiyeweza kujitetea, kuizungusha kamati. Vinavyopunguza ni ugonjwa, msiba, ugeni kwenye kazi, kujuta kwa kweli, na kurudisha kilichopotea kabla hajalazimishwa.

Wakili wako anaweza kuja na cheti cha hospitali. Kama ni cha kweli kamati itakizingatia na ni haki wakizingatie, mawakili nao wanaugua, wanaingia kwenye pombe, wanafiwa. Lakini mgonjwa anaweza kumwambia mteja tafuta mtu mwingine, au kumwomba mwenzake ashike mafaili. Ugonjwa unaeleza kwa nini hakwenda mahakamani, ile meseji hauielezi.

Hela sasa. Zigawe mafungu mawili kichwani. Fungu la kwanza ni ada uliyolipa kwa kazi ambayo haikufanyika, hiyo ni haki yako irudi na kamati nyingi au vyombo vya usuluhishi vya ada vinaweza kuamuru irudi, ingawa atasema kesi aliifungua na alihudhuria mwanzoni kwa hiyo sehemu fulani ameifanyia kazi, na hapo kutakuwa na hesabu. Fungu la pili ni hasara yako ya kesi kufutwa, na hii ni kubwa zaidi na ngumu zaidi. Kamati kwa kawaida haikulipi thamani ya kesi uliyopoteza. Unamfungulia wakili kesi ya madai ya uzembe, na humo utatakiwa kuonyesha kwamba kama angefanya kazi yake ungekuwa na nafasi ya kweli ya kushinda ile kesi ya kwanza, yaani unaendesha kesi ndani ya kesi. Kwa hiyo nguvu ya madai yako ya mwanzo inabaki kuwa muhimu, na ndio maana tena nasisitiza jaribu kwanza kuirejesha, ikirejeshwa hasara yako inapungua na mahakama itataka kuona ulijaribu kuipunguza.

Zamani England ilikuwa wakili huwezi kumshtaki kwa alichofanya akiendesha kesi mahakamani, kinga hiyo ikaondolewa mwaka 2000 kwenye uamuzi wa Hall na Simons. Australia wao waliibakiza mwaka 2005. Kwa hiyo muulize wakili wako mpya sheria ya hapo ulipo inasemaje, na muulize pia kama mawakili wanatakiwa kuwa na bima ya kazi, kwa sababu kama ipo, ndio inayolipa. Nchi nyingine zina mfuko wa kufidia wateja, ila huo kwa kawaida ni wa walioibiwa na mawakili wao, uzembe hauingii humo. Na madai haya nayo yana ukomo wa muda, kuendelea kwa malalamiko ya nidhamu hakusimamishi saa hiyo.

Jalada lako anaweza kukataa kukupa akisema anakudai. Nchi nyingi zinampa wakili haki ya kushikilia nyaraka mpaka alipwe, lakini wewe umeshalipa, na pengine haki hiyo inabanwa pale mteja anapoumia kwa kukosa nyaraka. Usipoteze wiki unabishana naye, kopi za mahakama zinatosha kuanzia, mengine kamati itamwamuru.

Nimebakiza simu za karani. Hela yako wakitaka kuirudisha, ipokee, ni yako, na kuipokea peke yake hakufuti haki yako ya kulalamika. Ila usisaini karatasi yoyote inayosema huna madai mengine au hutalalamika bila kumwonyesha wakili wako mpya, kwa sababu ukisaini unaweza kuwa umeuza na ile kesi ya fidia kwa bei ya ada tu. Waombe walipe kwa benki, risiti iandikwe "marejesho ya ada" na isiandikwe kitu kingine. Na wajue kwamba ofa hiyo yenyewe ni hatari kwao, California kwa mfano sheria inasema wakili akiweka sharti kwamba mteja asilalamike au afute malalamiko ili walipane, hilo sharti ni kosa la nidhamu. Hata ukija kufuta baadaye, sehemu nyingi kamati inaweza kuendelea bila wewe, kwa kuwa inawaangalia pia wateja wake wengine ambao labda nao wiki hii wameandikiwa "tunasubiri tarehe". Karani akipiga tena mwambie kwa upole wayaandike hayo wanayoyasema kwenye barua yenye kichwa cha ofisi, na barua ikija iweke kwenye faili pamoja na ile meseji.